Mfuko wa Uyoga Umeniteka: Mtazamo wa Kwanza Kutoka Shinyanga na Geita

Jamani, acheni mnachofanya mnisikilize! Ubavuni mwa mfuko wa nailoni unaoning'inia stooni kwangu limechomoza shada la uyoga lenye upana wa sahani ya wali. Kofia za kijivu zimepandana, hii juu ya ile, na juzi tu mahali hapo palikuwa na vichwa vidogo visivyozidi vya njiti za kiberiti. Sikutia samadi wala sikupalilia, na mvua sikuingoja. Mfuko uko ndani ya nyumba, Shinyanga hii hii ambako jua likiamua kuwaka halimwonei mtu haya, na bado unazaa!

Nimefuga kuku na nimelima bamia na mchicha. Vyote vina raha yake, ila hakuna hata kimoja kilichonifanya niamke usiku na tochi kwenda kuangalia kimekua kiasi gani. Mfuko huu umenifanya hivyo. Kwa hiyo anayetaka maoni ya mtu mtulivu atafute kwingine. Hapa nitausifia mfuko huu bila aibu, halafu nitakuonyesha pale unapochubuka.

Ndani ya mfuko mna nini?

Ukiutazama juu juu utasema ni takataka zilizofungwa vizuri. Na kweli ni takataka: maganda ya mbegu za pamba, au mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa, wakati mwingine maranda ya mbao, yakichanganywa na pumba kidogo. Katikati yake zimepangwa kwa tabaka mbegu za uyoga. Usitarajie mbegu kama za mahindi. Ni punje za mtama au ngano zilizochemshwa, kisha maabara ikaziotesha kuvu wa uyoga hadi zikavaa utando mweupe. Ukizichanganya na maganda, utando huo unatambaa, unakula, unaenea, na baada ya wiki 2 hadi 4 mfuko mzima unakuwa mweupe kuanzia juu hadi chini. Hapo ndipo unauchana kidogo kwa wembe safi na sarakasi inaanza.

Uyoga wenyewe ni ule ambao wakulima wetu wanauita mamama. Wataalamu wanauita Pleurotus. Mjerumani Richard Falck ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuukuza, mwaka 1917, juu ya visiki vya miti, wakati Ulaya iko vitani na chakula ni cha shida. Ujuzi huu basi una zaidi ya karne moja. Ajabu ni kwamba katika mitaa mingi ya kwetu ukitaja kulima uyoga mtu bado anakutazama kama umesema unalima mawingu.

Na hilo nalielewa. Sisi tumezoea uyoga wa msimu, ule unaochomoza kwenye vichuguu mvua zikianza, unapangwa mafungu kando ya barabara, ukichelewa umekosa hadi mwakani. Uyoga ule ni mtamu, sibishi. Lakini unaishi kwa kutegemeana na mchwa, na watu hawajafanikiwa kuulima bila mchwa wake. Mamama hauna masharti hayo. Unachotaka ni kula, kunywa na kupumua.

Kanda hii imeumbiwa uyoga

Hapa ndipo nilipopandwa na mori. Wakulima wa mifuko wa nchi nyingine wanahangaika kutafuta chakula cha uyoga. Sisi tumekikalia! Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita ndiyo moyo wa pamba ya Tanzania. Pamba inachambuliwa viwandani, mbegu zinakamuliwa mafuta, na maganda yanabaki. Ukishuka Kahama unakutana na mashamba ya mpunga, na baada ya mavuno mabua yanachomwa moto shambani kama vile hayana mwenyewe. Ukienda Geita mjini au Katoro, kila mashine ya mbao ina kilima cha maranda nyuma yake.

Wala si ndoto ya mwandishi mwenye hamu. Huko Hong Kong, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Profesa Shu-ting Chang alionyesha kwamba mabaki ya viwanda vya pamba yanaukuza vizuri uyoga wa Volvariella, ambao kabla yake ulikuwa ukioteshwa kwenye mabua ya mpunga. Hapa nyumbani, mtafiti Anthony Mshandete na mwenzake J. Cuff walichapisha mwaka 2008 utafiti wao wa kukuza aina tatu za uyoga wa kienyeji, zikiwemo Volvariella na Pleurotus, juu ya mabaki ya mkonge. Kama masalia ya mkonge yanafaa, maganda ya pamba yetu yana kisingizio gani?

Na hesabu yake inavutia. Kilo 10 za maganda makavu yaliyotunzwa vizuri hukupa kilo 5 hadi 10 za uyoga mbichi katika michumo yake yote. Soma tena sentensi hiyo. Takataka zinaingia, mboga inatoka, na mabaki yaliyochoka yanageuka mbolea ya bustani.

Kuuandaa: kazi ya siku moja

Ukinunua mfuko uliokwisha kupandwa na ukawa mweupe, kazi yako ni kuuchana na kuunyunyizia maji. Huo ndio mlango mwepesi kwa anayeanza, na ndio ulioniingiza mimi. Lakini raha kamili iko katika kuandaa mwenyewe, basi sikiliza.

Loweka maganda au mabua yaliyokatwa vipande vya urefu wa kidole. Kisha yaue maradhi. Njia iliyozoeleka ni kuyachemsha kwenye pipa kwa saa 1 hadi 2. Inafanya kazi, ila inakula kuni, na hapo mimi nasimama. Huu ni mkoa uliohangaika na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) tangu 1986 hadi 2004 kurudisha miti, wazee wakafufua ngitili, yale maeneo ya malisho na miti yaliyotengwa, nchi iliyokuwa inageuka jangwa ikavaa kijani tena. Huko Geita nako miti inakatwa kila siku kwa ajili ya matimba, yaani magogo ya kushikilia maduara ya wachimba dhahabu. Kuchoma ngitili ili kuotesha uyoga itakuwa kichekesho.

Kwa hiyo ninayoishangilia ni njia ya chokaa. Unachukua chokaa iliyozimwa, ya duka la vifaa vya ujenzi, nusu kilo hadi kilo 1 kwa pipa la maji la lita 200. Unazamisha maganda humo, unayakandamiza kwa jiwe yasielee, unayaacha usiku kucha, kati ya saa 12 na 20. Maji yanakuwa makali kiasi kwamba vijidudu na ukungu mwingi haviwezi kuvumilia, na hujawasha hata njiti moja. Vaa glavu, chokaa inababua ngozi.

Baada ya hapo chuja maji, tandaza juu ya turubai safi, kisha fanya kipimo cha ngumi: kamua konzi moja ya maganda. Yakidondosha tone moja au mawili, yako sawa. Yakitiririsha, ngoja yakauke zaidi. Yasipotoa kitu, ongeza maji. Pima mbegu, gramu 30 hadi 50 kwa kila kilo ya maganda mabichi, na upange tabaka kwa tabaka mikono ikiwa imesafishwa kwa spiriti. Funga, toboa matundu machache ya kupumulia, weka gizani.

Kuna atakayeuliza kuhusu plastiki, maana mifuko ilipigwa marufuku. Katazo la Juni 2019 lililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya kilimo viliachwa nje ya katazo. Hata hivyo ndoo ya plastiki yenye matundu ubavuni inafanya kazi ile ile, inaoshwa na kutumika tena na tena. Mimi naona ndoo ndizo zitakazoshinda.

Ndani au nje?

Hili ndilo pambano nililolisubiri kwa hamu, nami nimeuona mfuko pande zote mbili.

Ndani ya nyumba uyoga unaishi kama mfalme. Stoo ya matofali ya udongo haishtuki na joto la mchana, upepo mkavu hauingii, kuku hawafiki. Unatundika mifuko kwa kamba, unamwaga maji sakafuni asubuhi na jioni, unanyunyiza hewani kwa chupa ya kupulizia. Uyoga unataka unyevu wa hewa wa asilimia 80 hadi 90 na joto la nyuzi 20 hadi 28 hivi. Mwanga utoshe kusomea gazeti. Hewa ipite. Na hapa uyoga wenyewe unazungumza: ukiona shina limerefuka na kofia imebaki ndogo, unakuambia umeukosesha pumzi. Ukiona kingo za kofia zimekauka na kupasuka, unakuambia una kiu. Sijawahi kuona mboga inayolalamika waziwazi kiasi hiki!

Sharti moja tu: usilale nao chumba kimoja. Mamama ukikomaa unamwaga vumbi jepesi, mamilioni ya chembe zake za uzazi, na ukilivuta kila siku linaweza kukuletea kikohozi na kubana kifua. Vuna kabla kofia hazijakunjuka na kugeuka juu, na chumba chako cha kulala kiache kiwe cha kulala.

Nje ni hadithi nyingine. Banda la miti na nyasi chini ya mwembe, sakafu ya mchanga unaolowanishwa, magunia ya katani yamening'inizwa pembeni na kumwagiwa maji: hilo banda linapoa kuliko unavyodhani. Paa la bati usilifikirie, litaupika uyoga kabla hujaupika wewe. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zikiwepo, banda la nje linajiendesha lenyewe karibu bure. Geita, ambako mvua ni nyingi kuliko Shinyanga, linapendeza zaidi. Ila ikifika Septemba na Oktoba, upepo wa moto ukianza kuvuma Shinyanga, banda linataka maji mara 3 hata 4 kwa siku, na hapo stoo inashinda bila ubishi. Heri kwamba maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele yanafika Shinyanga na Kahama. Miaka ya nyuma mtu angeona dhambi kumwagia sakafu.

Kwa wenye joto lisilobembelezeka, kuna mamama wa rangi ya waridi, Pleurotus djamor, unaovumilia joto zaidi na kuzaa upesi. Na kwa nje kabisa kuna Volvariella, unaopenda nyuzi 28 hadi 35, unaolimwa kwenye matuta ya mabua ya mpunga au takataka za pamba. Huo ndio ninaoutamani sasa.

Mezani

Haya, twende kwenye sufuria. Uyoga huu haujakaa safarini, umetoka stooni dakika chache zilizopita. Uchane kwa mikono kufuata nyuzi zake, usiukate kwa kisu. Kaanga kitunguu, tia uyoga peke yake kwanza utoe maji yake na kuyakausha, ndipo uongeze nyanya na chumvi. Mwisho mimina karanga zilizosagwa, acha ichemke taratibu. Kwa ugali wa mtama au mahindi, aisee! Una utafunaji wa nyama ya kuku na mchuzi unaoshika kidole. Mgeni aliyeonja alisafisha bakuli, kisha akauliza nyama hiyo imenunuliwa bucha gani.

Ukibaki mwingi, usihangaike na friji. Watu wa Usukuma waliokausha viazi vitamu wakapata michembe na matobolwa hawahitaji kufundishwa kukausha uyoga. Uanike juu ya wavu, juani, hadi uvunjike kwa mlio. Kilo 10 mbichi zinakuwa kilo 1 hivi, maana sehemu kubwa ya uyoga ni maji, takribani asilimia 90. Kilichobaki kina protini nyingi, na jua lenyewe linauongezea vitamini D.

Pale unapochubuka

Niliahidi ukweli. Kwanza, mbegu. Kupata mbegu safi na changa ndilo tatizo kubwa la mkulima wa huku. Maabara nyingi ziko mbali na kanda hii, na mbegu iliyokaa kwenye basi juani inafika imechoka. Uliza tarehe iliyotengenezwa, itazame: iwe nyeupe yote, isiwe na doa la kijani wala harufu ya uchachu. Muuzaji asiyejua tarehe, mwache.

Pili, ukungu wa kijani. Ukiuona kwenye mfuko, usiuonee huruma. Utoe nje, uufukie mbali. Mfuko mmoja mgonjwa unaweza kuambukiza chumba kizima, na sababu karibu kila mara ni uchafu wa mikono, maganda yaliyolowa kupita kiasi au maandalizi ya haraka.

Tatu, uyoga mbichi hauna subira. Baada ya kuvunwa una siku 2 au 3 kivulini, kisha unalegea. Asiye na mteja wa uhakika awe na wavu wa kukaushia.

Onyo kwa watu wa dhahabu

Sasa naomba nisikilizwe bila haraka. Uyoga unavuta madini mazito kutoka kwenye chakula na maji yake, zebaki ikiwemo, na kuyahifadhi mwilini mwake. Kanda yetu ina mialo ya kuoshea dhahabu, ina makarasha ya kusagia mawe, ina milima ya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Maji ya mwaloni yasiguse mfuko wako. Mchanga wa sakafu usitoke kwenye marudio. Pipa lililobeba kemikali za kusafishia dhahabu (elusheni) halifai hata likioshwa wiki nzima. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa, au ya matimba yaliyotoka duarani, yaache. Na uyoga wa mwituni unaoota kando ya mialo, hata kama bibi aliula zamani, usichumwe.

Najua kuna mtu atakumbuka kwamba katika karne ya 19 Wafaransa walilima uyoga ndani ya machimbo ya mawe chini ya Paris, aanze kuyatazama maduara yaliyoachwa ya Nyarugusu na Rwamgasa, huko Geita, kwa jicho la biashara. Zima wazo hilo. Yale yalikuwa machimbo ya mawe ya ujenzi yenye mapana ya kutembea. Duara lililoachwa lina udongo unaoporomoka, hewa mbovu na zebaki. Uyoga wako utakaa vizuri zaidi chini ya mwembe.

Anayeanza na Volvariella naye ajihadhari: ukiwa mchanga unafanana na uyoga wa sumu wa jamii ya Amanita. Vuna uliopanda mwenyewe, kwenye tuta lako tu.

Nani auchukue?

Mama mwenye kibanda cha mboga Kahama, auchukue. Mwalimu mwenye stoo tupu, auchukue. Shule yenye bustani na watoto wadadisi, ichukue hata leo, maana hakuna somo la sayansi linaloonekana kwa macho kama hili. Kijana wa Geita aliyechoka kushuka duarani asitegemee utajiri wa wiki moja, lakini aanze na mifuko michache, ajifunze usafi, aongeze. Soko lipo la kubisha hodi: hoteli, mama lishe, na kantini za migodi. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinawataka wenye migodi watangulize bidhaa na huduma za Watanzania, nayo mboga ni bidhaa kama zilivyo nyingine.

Asiyeufaa? Mtu asiyependa kunawa mikono, na mtu anayesafiri kila mara bila kuacha wa kumwagilia.

Hukumu yangu ni hii. Kwa urahisi wa kuanza, alama 9 kati ya 10. Kwa ladha, 10 bila kupepesa macho. Kwa upatikanaji wa mbegu katika kanda hii, 4, na hapo ndipo vyuo na vituo vya utafiti vinapotakiwa kutusogelea. Kwa ujumla wake, huu ndio mfuko bora kuwahi kutundikwa stooni kwangu. Ukipata mbegu nzuri wiki hii, loweka maganda jioni ile ile, na usianze na zaidi ya mifuko mitano.